Klozapini kwenye damu: kabla ya kusoma namba, uliza saa

Majibu mengi ya klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, yanayoleta ubishi wodini yameharibikia kwenye fomu, wala si kwenye mashine. Mashine ikisema 820, kwa kawaida ni kweli damu ile ina nanogramu 820 kwa kila mililita. Kinachokosekana ni saa mbili: mgonjwa alikunywa dozi ya mwisho saa ngapi, na damu ilitolewa saa ngapi. Bila hizo, 820 inaweza kuwa ya mtu anayekaribia sumu, na inaweza pia kuwa ya mtu mwenye kiwango kizuri kabisa ambaye alitolewa damu masaa matatu baada ya kumeza vidonge, dawa ikiwa ndiyo kwanza iko kileleni. Daktari akipunguza dozi ya huyu wa pili, baada ya wiki kadhaa sauti zinarudi, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo kilikuwa kisanduku kilichoachwa wazi kwenye karatasi.

Klozapini hupewa mtu mwenye skizofrenia baada ya dawa nyingine mbili kujaribiwa ipasavyo na kushindwa. Ilianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1975 wagonjwa 8 walifariki Finland baada ya chembe zao nyeupe za damu kuporomoka, na nchi nyingi zikaiondoa sokoni. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa sharti la kupima damu mara kwa mara, kwa sababu ilikuwa imethibitika kwamba inawasaidia wagonjwa ambao dawa nyingine hazikuwagusa. Sharti hilo la damu ndilo linalowafanya watu wengi, hata wahudumu wa afya, wachanganye vipimo viwili tofauti.

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya chembe nyeupe, ile FBP ya kwenye fomu za Tanzania au hemogramu kama wanavyosema Kenya. Hapo tunatafuta nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Kwa utaratibu uliotumika Uingereza kwa miaka mingi, zilipimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, halafu kila wiki mbili hadi mwaka utimie, halafu kila wiki nne. Kipimo cha pili ni kiwango cha dawa yenyewe kwenye damu, na hiki hakina ratiba ngumu kama hiyo. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Madhara ya klozapini kwenye uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe hizo, hayafuati ukubwa wa dozi: mtu mwenye kiwango kidogo cha 200 anaweza kupoteza nyutrofili, na mwenye 900 akabaki nazo zote. Kwa hiyo ndugu akisema "walishampima damu wiki iliyopita", muulize ni damu ya nini.

Sasa turudi kwenye saa. Damu ya kupima kiwango hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya usiku, na ikichelewa au kuwahi isitoke nje ya masaa 10 hadi 14. Kwa saa zetu za Kiswahili hesabu ni rahisi mno: aliyekunywa dawa saa 3 usiku anatolewa damu saa 3 asubuhi. Lakini saa hizo hizo ndizo zinazoleta makosa. Muuguzi anaandika "dozi saa 3", hasemi usiku wala asubuhi, na anayesoma fomu kwenye maabara ya mbali anaelewa 3:00, yaani saa tisa usiku. Masaa 12 yamegeuka kuwa 6 kwenye karatasi, na jibu zuri linarudi na onyo kwamba sampuli ilitolewa mapema mno. Dawa yake ni kuandika kwa mtindo wa masaa 24 na tarehe juu yake: dozi ya mwisho 21:00, tarehe 4; damu 09:00, tarehe 5.

Kama mgonjwa hunywa mara mbili kwa siku, dozi ya asubuhi inasubiri mpaka damu itoke. Hapa ndipo kliniki nyingi huteleza, kwa kuwa mama wa nyumbani ameambiwa miaka yote asimkoseshe mwanawe dawa, naye anampa pamoja na chai kabla ya kupanda daladala. Mwambieni siku moja kabla, na mumwambie abebe dozi hiyo mkobani ili mgonjwa aimeze palepale akishatolewa damu. Andikeni pia dozi imegawanywaje. Mtu anayekunywa miligramu 300 zote usiku atakuwa na kiwango cha juu zaidi kwenye saa ya 12 kuliko anayekunywa 100 asubuhi na 200 usiku, ingawa jumla ni ileile.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukimuuliza mgonjwa "Umekunywa dawa?", atasema ndiyo, kwa heshima tu. Muulize: "Mzee, jana usiku dawa umekunywa saa ngapi, na zilikuwa vidonge vingapi?" Akitaja saa na idadi bila kusita, una kitu cha kuandika. Akimtazama binti yake kwanza, muulize binti.

Jambo jingine la muda ni kwamba kiwango lazima kiwe kimetulia. Klozapini hupungua nusu kwa takriban masaa 12 hadi 16 kwa watu wengi, wengine zaidi, hivyo ukibadilisha dozi leo subiri angalau siku 5, na ikiwezekana wiki nzima ya dozi ileile, ndipo upime. Kupima siku ya pili baada ya kuongeza dozi ni kupoteza damu na fedha.

Kwenye chumba cha kutolea damu mambo ni machache lakini hayasameheki. Tumia tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, ujaze hadi kwenye alama, kisha uigeuze taratibu juu chini mara 8 hadi 10. Usiitikise, ukitikisa, chembe hupasuka. Usitumie tyubu yenye jeli ya kutenganisha, ile ya kifuniko cha dhahabu, kwa sababu jeli inaweza kunyonya dawa na kiwango kikasomeka chini kuliko kilivyo, hasa tyubu ikikaa muda mrefu. Kama siku hiyo hiyo unachukua hesabu ya chembe nyeupe, ni tyubu ya pili ya zambarau, siyo ile ile moja kugombewa na maabara mbili. Na damu ikiganda ndani ya EDTA kwa kutochanganywa vizuri, hesabu ya chembe hushuka kwa uongo. Mtu anaweza kusimamishiwa dawa kwa sababu ya bonge la damu lililokwama chini ya tyubu. Kabla ya kuripoti nyutrofili chache, fungua kifuniko uangalie kwa kijiti.

Wagonjwa wengine hunywa pia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, na hapa kuna mtego wa rangi ya kijani. Tyubu nyingi za kijani zina heparini ya lithiamu, kemikali nyingine ya kuzuia damu isigande. Damu ya mgonjwa ikiingia humo, mashine inapima lithiamu ya tyubu pamoja na ya mgonjwa, na jibu linaweza kupita kiwango cha sumu kwa mtu asiyeumwa chochote. Lithiamu iende kwenye tyubu nyekundu isiyo na kitu.

Sampuli ikisafiri kwenda maabara ya mbali, zungusha damu kwenye mashine ya sentrifuji, tenganisha plazma, yaani maji ya damu, iweke kwenye kichupa safi chenye jina, namba ya faili, tarehe na saa. Klozapini ni mvumilivu, inakaa vizuri kwa siku kadhaa. Olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia, si hivyo. Huoza kwa kuoksidika ndani ya sampuli, kwa hiyo plazma yake igandishwe mapema na isafiri ikiwa baridi. Usitume sampuli yoyote Ijumaa mchana kama hujui nani ataipokea Jumamosi.

Jibu likirudi, angalia kizio kabla ya namba. Nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni kitu kimoja. Nanomoli kwa lita ni kingine kabisa: zidisha kwa 0.327 upate nanogramu. Jibu la 1,100 kwa nanomoli ni 360 tu kwa nanogramu, yaani mgonjwa yuko mwanzoni mwa eneo zuri, wakati 1,100 kwa nanogramu ni hatari ya degedege. Tumeona majibu ya aina hizi mbili yakibandikwa kwenye faili moja, moja juu ya jingine, bila mtu kuandika vizio.

Kiwango kinachotafutwa ni 350 hadi 600 kwa nanogramu. Chini ya 350 uwezekano wa dawa kufanya kazi ni mdogo, juu ya 600 faida haiongezeki sana huku madhara yakiongezeka, na juu ya 1,000 degedege, kusinzia kupita kiasi na kuchanganyikiwa vinakaribia. Hata hivyo mgonjwa aliyetulia, anayefanya kazi na kulala vizuri kwenye 260 haongezewi dozi ili karatasi ipendeze. Namba ya mtu huyo siku akiwa mzima ndiyo kipimo chake mwenyewe, na inafaa ihifadhiwe mbele ya faili, kwa kuwa siku akiugua tena ndiyo utakayoilinganisha.

Chini ya namba ya klozapini huwa kuna namba ya pili ambayo wengi huiruka: noklozapini, zao linalotokana na ini kuivunja dawa. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Kwa sampuli ya masaa 12 jibu huwa karibu na 1.3. Mgonjwa mwenye klozapini 420 na noklozapini 310 ana uwiano wa 1.35, hana shida. Mwenye 170 na 380 ana uwiano wa 0.45: noklozapini hukaa mwilini muda mrefu kuliko klozapini, kwa hiyo picha hii kwa kawaida inasema mtu alikuwa anakunywa dawa lakini dozi ya mwisho au mbili zimepita bila kumezwa. Mwenye 930 na 310 ana uwiano wa 3. Hapo kuna mambo matatu ya kuchunguza: damu ilitolewa mapema, mgonjwa alimeza vidonge karibu na kliniki ili aonekane anakunywa, au kuna kitu kinachozuia ini lisiivunje dawa.

Ini huivunja klozapini hasa kwa kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, na moshi wa tumbaku hukiamsha kimeng'enya hicho. Ni moshi, siyo nikotini. Sigara 7 hadi 12 kwa siku zinatosha kukiamsha karibu kabisa, hivyo mvutaji huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta ili wafike mahali pamoja. Shisha nayo ni moshi, tena na wa mkaa juu yake. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, kwa hiyo mtu anayehama kutoka sigara kwenda ugoro amefanya, kwa upande wa dawa, sawasawa na aliyeacha kuvuta. Bandiko la nikotini vivyo hivyo halizuii kiwango kupanda.

Akiacha kuvuta, kimeng'enya kinatulia ndani ya siku chache na kiwango cha dawa kinapanda kwa nusu au zaidi katika wiki moja. Hatari kubwa ni pale mvutaji anapolazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara: siku ya saba anaanza kutokwa udenda, kusinzia mezani na kuyumba, na watu wanadhani ugonjwa umezidi, wakati kilichozidi ni dawa. Utaratibu unaofaa ni kupima siku anapoacha, daktari apunguze dozi taratibu hadi kama robo tatu ya ile ya zamani katika wiki ya kwanza, kisha kupima tena wiki ikiisha. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na kurudia sigara, njia inageuka na dozi inahitaji kurudi juu. Mwezi wa Ramadhani tunashauri wavutaji wanaofunga waulizwe wazi wamepunguza sigara ngapi, na saa yao mpya ya kunywa dawa ni ipi. Kahawa pia ina neno: kafeini inagombea kimeng'enya kilekile, hivyo mnywaji mkubwa wa kahawa akiacha ghafla, kiwango hushuka.

Kwa mazingira yetu, jambo linalotutia hofu kuliko sigara ni homa. Mwili ukipigana na maambukizi makali, iwe nimonia au jipu, CYP1A2 hudhoofika na kiwango cha klozapini kinaweza kupanda mara mbili au zaidi bila dozi kubadilika. Sasa mtu huyo mwenye homa anaambiwa ana taifodi, ananunua antibiotiki ya siprofloksasini duka la dawa lililo jirani, na siprofloksasini yenyewe huzuia kimeng'enya hicho hicho. Mapigo mawili kwa wakati mmoja. Ndugu wa mgonjwa wanapaswa kujua jina la klozapini kwa herufi zake na kulitaja kila wanaponunua dawa yoyote. Homa kwa anayetumia klozapini ni sababu ya kupima siku hiyo hiyo vyote viwili, chembe nyeupe na kiwango, kwani homa inaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya nyutrofili kuisha. Fluvoksamini, dawa ya sonona na wasiwasi, hupandisha kiwango mara kadhaa na isianzishwe bila daktari wa akili kujua.

Kifua kikuu kinakwenda upande wa pili. Rifampisini, ambayo hunywewa kwa miezi yote 6 ya matibabu ya kawaida ya TB, huamsha vimeng'enya vya ini na kuporomosha klozapini katika wiki ya kwanza au ya pili. Mgonjwa anaanza kuzungumza peke yake, na kliniki ya TB inadhani hanywi dawa zake za akili. Pima kabla ya kuanza rifampisini, pima wiki moja na wiki mbili baadaye. Na kuna tahadhari ya mwisho wa matibabu ambayo husahaulika: kama dozi iliongezwa kufidia rifampisini, siku TB inapoisha na rifampisini kuachwa, kiwango kitapanda tena ndani ya wiki mbili hivi huku dozi ikiwa bado kubwa. Tarehe ya kumaliza dawa za TB iandikwe kwenye faili la akili tangu siku ya kwanza. Kabamazepini, dawa ya kifafa, nayo hushusha kiwango, lakini hiyo haifai kabisa kuchanganywa na klozapini kwa kuwa zote mbili zinaweza kuumiza uboho.

Juu ya nyutrofili kuna jambo linalowahusu Waafrika moja kwa moja. Wengi wetu hatuna protini ya Duffy juu ya chembe nyekundu, urithi uleule unaofanya malaria ya vivax isitushike kirahisi. Watu wenye urithi huo huwa na nyutrofili chache kwenye damu inayozunguka bila kuwa wagonjwa, na uboho wao ni mzima. Ukiwapima kwa mstari wa 1,500 kwa mikrolita, baadhi wananyimwa klozapini au kusimamishiwa bila sababu. Tangu 2015 mwongozo wa Marekani una mstari wao: wanaweza kuanza kwa 1,000 au zaidi, na dawa husimamishwa nyutrofili zikishuka chini ya 500, badala ya chini ya 1,000 kama kwa wengine. Sharti ni kuwe na hesabu mbili angalau kabla ya kuanza, ili ijulikane kawaida yake. Marekani iliondoa mpango wake wa lazima wa kuripoti hesabu hizo mwaka 2025, lakini kupima kwenyewe bado kunashauriwa.

Nyutrofili pia huwa chini zaidi asubuhi. Mtu aliyepata 1,400 asubuhi akiwa hana homa wala kidonda cha koo, arudiwe alasiri ya siku hiyo akiwa ametembea kidogo. Mara nyingi namba inapanda. Hapa vipimo viwili vinavutana: kiwango cha dawa kinataka asubuhi, hesabu ya chembe inapendelea alasiri. Usilazimishe vyote kwenye mchomo mmoja ikiwa hesabu ya mgonjwa iko mpakani.

Kwa dawa nyingine za skizofrenia maneno ni mafupi. Haloperidoli hutazamiwa kati ya nanogramu 1 na 10 kwa mililita, olanzapini 20 hadi 80. Risperidoni husomwa kwa kuijumlisha na zao lake, jumla 20 hadi 60. Anayesoma mstari wa kwanza peke yake atadhani mgonjwa hanywi. Kwa sindano ya mwezi ya haloperidoli, damu hutolewa siku ya sindano, kabla ya kuchoma, na si kabla ya miezi 3 au 4 tangu ianze, maana inachukua muda huo kutulia.

Jibu la klozapini likija juu ya 1,000, anza kwa kumwona mtu: anasinzia, anayumba, misuli inashtuka, ana homa, amekaa siku ngapi bila choo? Swali la choo siyo la adabu tu, kufunga choo kwa klozapini kunaweza kuziba utumbo na kuua. Pigia wodi simu uthibitishe saa ya dozi na saa ya damu, uliza sigara na dawa mpya. Kama saa ni sahihi na mgonjwa ana dalili, daktari hushikilia dozi inayofuata na kupunguza, na sampuli hurudiwa. Kama hana dalili na saa zina mashaka, rudia sampuli kwa saa sahihi kesho yake kabla ya kugusa dozi. Kuikata dawa yote ghafla kwa sababu ya karatasi moja kuna gharama: ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, na masaa 48 yakipita bila dawa, mgonjwa hawezi kurudishwa kwenye dozi yake ya zamani. Anaanza upya na miligramu 12.5, anapandishwa taratibu siku baada ya siku, huku presha na mapigo ya moyo yakipimwa.